Mali Bila Daftari

(Hotuba iliyotolewa Bagamoyo katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imenitaka nizungumze nanyi kwa muda mfupi juu ya jambo ambalo wengi wenu mmelisikia juu juu tu, nalo ni namna ya kulileta hapa Bagamoyo lile gari la marehemu mwalimu wetu wa Hisabati, Peugeot 404 ya mwaka 1968, ambalo sasa limo bandani mjini Kigoma. Nadhani nimechaguliwa mimi kwa sababu ya kazi yangu. Kwa miaka 18 nimekuwa afisa ugavi serikalini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuhamisha mali ya umma kutoka mahali pamoja hadi pengine, kisha kuithibitishia serikali kwamba kilichofika ndicho kilichoondoka.

Waliosoma zamani hawahitaji kuelezwa habari za gari hilo. Lilikuwa likiegeshwa chini ya mwembe kila siku saa 1 kasorobo asubuhi, nasi tuliokuwa tukichelewa tulilitazama kama watu wanavyoitazama saa ya ukutani. Mwalimu alipostaafu aliondoka nalo kwenda kwao Kigoma. Sasa mjane wake, Mama yetu, ametuandikia kwamba gari lile lilinunuliwa kwa mshahara wa ualimu, na kwa hiyo angependa liwarudie wanafunzi. Ametupa bila malipo. Sharti lake ni moja tu: lifike kama linavyotoka kwake.

Vijana huenda mkauliza, gari bovu la zamani lina thamani gani hata watu wazima wakalikalia mkutano? Nitawajibu. Peugeot 404 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, na katika Afrika Mashariki ilijulikana kwa wote kwa jina la Pijo. Katika mashindano ya magari ya Safari ya mwaka 1966, na tena ya mwaka 1967, washindi walikuwa madereva waliotoka hapa Tanzania, Bert Shankland na Chris Rothwell, na gari waliloliendesha lilikuwa 404. Basi gari hilo ni sehemu ya historia ya barabara zetu. Tena Mkuu wa Shule amekwisha kutenga nafasi katika karakana ili ninyi mjifunze ufundi kwa kulitengeneza.

Lakini hapo ndipo ugumu unapoanza. Mfuko wa simenti ukipasuka njiani, hununuliwa mwingine. Nembo ya mbele ya gari la mwaka 1968, kioo chake cha taa, vikombe vyake vya magurudumu, hivyo vikipotea Tabora huwezi kwenda Kariakoo kesho yake ukavipata. Kwa mzigo wa namna hii, fidia ya fedha ni nusu ya fidia tu. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ni kumchagua mchukuzi ambaye hatutahitaji kumdai.

Ndugu zangu, hakuna mji katika nchi hii unaopaswa kulijua swali hili kuliko Bagamoyo. Kabla ya reli na kabla ya lori, sehemu kubwa ya mizigo ya njia ya kati, kutoka Ujiji na Tabora hadi pwani, ilichukuliwa na wapagazi, na mingi ilituliwa hapa. Mpagazi mmoja alibeba kiasi cha frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Hata neno posho, ambalo sisi watumishi wa serikali twalipenda sana, lilikuwa chakula cha kila siku cha watu wa msafara. Na kila tajiri aliyefika hapa kutoka Unguja alikuwa na swali lile lile tulilo nalo sisi leo: nimpe nani mzigo wangu?

Nitatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa mwaka 1871, Henry Stanley alipokuwa akitafuta wapagazi hapa ili aende kumtafuta Livingstone. Aliwapata kwa wakala mmoja kijana wa Kihindi, na katika kitabu chake amemlalamikia wakala huyo kurasa nyingi kuhusu hesabu za nguo za kuwalipa wapagazi. Wakala huyo alikuwa Sewa Haji Paroo. Msomaji wa kitabu kile angedhani kijana huyo hakudumu katika biashara. Kinyume chake, katika miaka ya 1880 na 1890 Sewa Haji ndiye aliyekuwa mwajiri mkubwa wa wapagazi katika Bagamoyo, na alipofariki mwaka 1897 alikuwa amekwisha kutoa mali yake kwa shule hapa mjini na kwa hospitali Dar es Salaam. Mpaka leo Muhimbili kuna wodi yenye jina lake. Funzo langu ni hili: usimhukumu mchukuzi kwa sifa ya mteja mmoja wala kwa lawama ya mteja mmoja. Tafuta wateja watano, na uwatafute wewe mwenyewe, si wale anaokuletea yeye.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1874. Stanley yule yule aliondoka hapa na mashua iitwayo Lady Alice, iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande ili ibebwe na watu. Vipande hivyo vilipofika Unguja vilionekana kuwa vizito mno na vipana mno kwa njia za huku, ikabidi fundi avigawe tena kabla ya safari. Baada ya hapo mashua ile ilibebwa hadi Ziwa Victoria, ikalizunguka, ikafika Ziwa Tanganyika, kisha ikateremka Mto Kongo. Funzo: pima mzigo wako, na upime chombo kitakachoubeba, kabla ya kukubaliana bei. Gari letu lina urefu wa karibu mita 4 na nusu, na uzito wake unapita tani 1 kwa kiasi kidogo. Msafirishaji ambaye hakuuliza vipimo hivyo kabla ya kutaja bei, huyo ametaja bei ya kitu asichokijua.

Mfano wa tatu ndio mkubwa kuliko yote. David Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kimo Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliamua kuuchukua mwili wake hadi pwani, safari ya zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu. Kabla hawajaondoka walifanya jambo ambalo mimi kila mara nawaeleza maafisa ugavi wapya: walifungua masanduku ya marehemu mbele ya watu wote, na Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaorodhesha kila kilichokuwamo. Ndipo wakaanza safari. Karibu na Tabora walikutana na ofisa Mwingereza, Cameron, aliyewashauri wamzike hukohuko. Walikataa, kwa kuwa mzigo waliojitwika ulikuwa wa kufika pwani. Mwezi wa Februari 1874 walifika hapa Bagamoyo, mwili ukalazwa katika kanisa la misheni, na karatasi za marehemu zikafika salama pamoja nao.

Hawa ndio wachukuzi ninaowaheshimu kuliko wote. Hawakuwa na bima, na walipoondoka Chitambo hawakuwa na mzungu wa kuwasimamia. Walikuwa na orodha, mashahidi, na neno walilopeana. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Susi na Chuma waliijua hekima hiyo, na sisi tukiwa hapa mwisho wa njia yao itakuwa aibu tukiisahau.

Sasa nije kwenye siku zetu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kituo cha kazi katika wilaya moja ya Bara, nikapewa jukumu la kupokea jenereta la zahanati lililotoka Dar es Salaam. Msafirishaji alikuwa ameteuliwa huko lilikotoka, na jina lake nitaliacha. Jenereta lilifika likiwa na rejeta iliyotoboka na bila stata. Nilipomuuliza dereva alijibu kwa utulivu kabisa, "Mzee, mimi nilipakiwa hivi hivi njiani." Kumbe mzigo ulikuwa umehamishwa kutoka lori hadi lori mara 2, na hati ya mzigo ilikuwa na maneno haya tu: jenereta 1. Niliandika barua, zikajibiwa kwa barua. Kila dereva alimtaja aliyemtangulia. Zahanati ile iliendelea kuzalisha akina mama kwa taa ya mafuta kwa miezi 5. Hakuna aliyeweza kusema kwamba jenereta halikufika, maana jenereta 1 lilifika!

Kwa hiyo, kwa upande wa gari letu, naomba tuzingatie mambo matano.

La kwanza, tujue tunazungumza na nani. Katika biashara ya mizigo kuna mwenye lori na kuna dalali. Dalali si mtu mbaya, maana wengi hupata lori kwa msaada wake. Lakini dalali akikwisha kupokea chake, safari si yake tena. Tutake kuona kadi ya lori na jina la mwenyewe, leseni ya kubeba mizigo inayotolewa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, na stika ya bima, ambayo siku hizi huhakikiwa kwa simu katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Mtu mkweli haudhiki kuulizwa hayo. Anayeudhika ametujibu tayari.

La pili, tuhesabu makabidhiano, wala tusihesabu kilomita peke yake. Wako wenzetu wanaopendelea reli, na mimi mwenyewe naipenda. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na imebeba vitu vikubwa kuliko Peugeot. Meli tuijuayo leo kwa jina la Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Lakini kwa gari letu, njia ya reli ina maana ya kulipeleka stesheni Kigoma, kulipakia katika behewa, kulishusha Dar es Salaam, kisha kulipakia tena katika lori kwa kilomita 70 hivi za kuja hapa. Kila mkono unaopokea ni mahali pa kupotea kitu. Lori likipita Tabora, Dodoma na Morogoro, likakata Chalinze kwenda Msata, kisha likaja Bagamoyo kupitia Kiwangwa, litapakia mara 1 na kushusha mara 1. Kwa sababu hiyo, na si kwa nyingine, mimi naunga mkono lori, tena kwa sharti lililoandikwa kwamba gari halitahamishiwa chombo kingine bila sisi kuarifiwa.

Yupo aliyeshauri tumpe fundi aliendeshe. Namshukuru kwa kuwa jasiri. Lakini gari lililolala miaka mingi lina mipira ya breki na ya maji iliyokauka, na barabara ya zaidi ya kilomita 1,200 si mahali pa kuijaribu.

La tatu ni bima. Wengi hudhani kwamba lori likiwa na stika, mzigo nao una bima. Sivyo. Bima ndogo ya lori humlipa mtu wa tatu aliyegongwa, haimlipi mwenye mzigo. Bima ya mzigo ulio safarini hukatwa peke yake. Tena kwa gari la kale kuna shida nyingine: ukingoja hasara itokee ndipo thamani ijadiliwe, utaambiwa kwamba gari la mwaka 1968 ni chuma chakavu. Thamani lazima ikubaliwe na kuandikwa kabla ya safari, pamoja na picha.

La nne ni orodha na maandalizi. Siku ya kulichukua, wawakilishi wetu Kigoma walipige picha pande zote, ndani na nje, na waandike kila mkwaruzo na kila kitu kilichomo, kuanzia jeki hadi ufunguo wa buti. Vikombe vya magurudumu, vioo vya pembeni na redio vifunguliwe, vifungwe ndani ya sanduku na sanduku lipewe orodha yake. Tangi libaki na petroli kidogo tu, na waya za betri zifunguliwe. Mitambo hupenda mtu anayefikiri kabla. Wajerumani walipoizamisha meli ile ya Kigoma mwaka 1916, wahandisi waliipaka injini grisi nzito kwanza. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikawa inafanya kazi tena.

Katika kupakia, nimeona mara nyingi lori likirudishwa nyuma hadi kwenye tuta la udongo na gari likasukumwa ndani. Kwa gari hili tutake ngazi za chuma, au winchi, na mikanda ifungwe kwenye magurudumu, isifungwe kwenye bampa wala kupitishwa juu ya bodi. Turubai lisilofungwa vizuri hupigapiga rangi siku 3 mchana na usiku, na likifika utadhani gari limesuguliwa kwa msasa. Safari yenyewe iwe wakati wa kiangazi.

La tano ni malipo. Misafara ya zamani ililipa wapagazi sehemu ya ujira kabla ya kuondoka na sehemu baada ya kufika. Sijaona utaratibu bora kuliko huo. Tukilipa chote Kigoma, tumebaki na dua. Tukikataa kulipa chochote mpaka Bagamoyo, tutampata mtu asiye na fedha ya dizeli, naye atapakia samaki na mawese juu ya gari letu ili apate ya njiani.

Ndugu Mwenyekiti, limebaki jambo moja ambalo ni zito kulisema mbele ya watu, lakini mwenyewe, aliyekaa humu ukumbini, ameniruhusu nilitaje. Tumeletewa bei na wasafirishaji 3. Mmoja wao ni mwenzetu, mwanafunzi wa zamani wa shule hii, mwenye Fuso inayopeleka bidhaa Kigoma na aghalabu kurudi tupu. Bei yake ni nusu ya bei za wengine. Naye amesema, kwa moyo mweupe, kwamba baina ya ndugu hakuna haja ya karatasi.

Nimelala nalo neno hilo siku kadhaa. Ni kweli kwamba namwamini kuliko watu wale wawili ambao sikuwahi kukaa nao bweni moja. Lakini namwomba alitazame jambo hili kutoka upande wake. Gari hilo lina mbonyeo mlangoni uliokuwapo tangu sisi hatujazaliwa. Litakapofika hapa na Mama akaulizwa na wanawe mbonyeo ule umetoka wapi, ni nini kitakachomtetea mwenzetu? Si udugu. Ni ile karatasi iliyoandikwa Kigoma mbele ya mashahidi. Asiyejulikana akituharibia gari, tutapoteza gari. Ndugu akituharibia bila maandishi, tutapoteza gari na ndugu. Hivyo daftari halipo kwa sababu hatuaminiani. Lipo ili tuweze kuendelea kuaminiana baada ya safari.

Basi pendekezo langu ni hili. Kazi apewe mwenzetu, ikiwa atakubali kutia sahihi mkataba ule ule ambao tungempa mgeni, wenye orodha, picha, njia atakayopita, siku ya kufika na mdhamini mmoja asiye wa ukoo wake. Akubali pia kwamba Chama kikate bima ya mzigo kwa ile fedha aliyotupunguzia. Asipokubali, tumshukuru kwa wema wake, tumpe yule wa pili kwa bei, na tubaki marafiki.

Nanyi wanafunzi, kazi yenu ipo. Naomba Mkuu wa Shule awateue 6 kati yenu wawe kamati ya mapokezi. Nakala ya orodha ya Kigoma mtapewa ninyi, si sisi wazee. Gari litakapoingia lango la shule watu watapiga makofi, watapiga picha, na dereva atakuwa amechoka na kutaka kuondoka. Msimruhusu, wala msimnyanyase. Mpeni kiti na chai, kisha mpitie orodha mstari kwa mstari, mlango kwa mlango, mpaka ufunguo wa buti. Mkimaliza ndipo mtie sahihi, naye apewe fedha iliyobaki siku ile ile, bila kuzungushwa, maana uaminifu wa mwenye mzigo nao hupimwa.

Husemwa kwamba jina la mji huu limetokana na kubwaga moyo, mtu akisha kutua mzigo wake. Mimi nasema tusibwage moyo siku ya kupakia, wala siku ya kusikia kwamba gari limepita Dodoma. Tutabwaga moyo siku orodha mbili zitakapolingana. Siku hiyo mtu mmoja ampigie simu Mama, Kigoma, amsomee.